Biti za drili kwa seremala anayeanza: nunua chache, zikague kabla hujalipa

Ukishapata drili, kitu cha kwanza utakachoshawishiwa kununua ni lile sanduku la biti karibu mia, zote za rangi ya dhahabu, kwa bei inayoonekana kama bahati. Liache dukani. Sehemu kubwa ya biti zilizomo ni nyembamba mno kwa kazi ya mbao, na zile nene unazozihitaji zimo moja moja, za chuma kile kile dhaifu. Pesa hiyo ukiipeleka kwenye biti tano au sita ulizozichagua mwenyewe, utatoboa matundu safi tangu meza yako ya kwanza.

Hiyo rangi isikubabaishe. Tabaka halisi la titani naitraidi ni gumu kweli, lakini unene wake ni mikroni chache tu. Kinachokata ni chuma kilicho chini yake. Kwenye biti za bei ya chini mara nyingi rangi ni pambo tu. Biti za kobalti nazo ni nzuri, ila zilikusudiwa chuma kigumu kama kile kisichoshika kutu. Kwa mbao usizilipie.

Cha kuuliza ni aina ya chuma. Biti za chuma cha kawaida cha kaboni zinatosha kabisa kwa paini na saipres. Tatizo lake ni joto: mbao haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto lote la msuguano hubaki kwenye biti, na ncha ikishageuka buluu ujue imelainika, haitashika makali tena mpaka usage sehemu hiyo yote iishe. Chuma cha HSS, yaani kile kilichotengenezwa kwa ukataji wa kasi kubwa, hubaki kigumu hata kikipata moto wa nyuzi mia kadhaa. Kama unafanyia kazi mninga, mkongo au mtiki, biti zako nyembamba, yaani za milimita 3 hadi 6, ziwe za HSS. Hapo usibane pesa.

Lakini hata chuma kiwe kizuri namna gani, umbo la ncha ndilo linaloamua shimo litatokaje. Nalisisitiza hili kwa sababu wauzaji wengi hawalisemi. Biti ya kawaida unayopewa ukiomba "biti ya chuma" ina ncha ya nyuzi 118 na haina mwiba katikati. Juu ya mbao huteleza ikifuata mshipa laini, na shimo linakuwa pembeni ya alama uliyoipiga kwa penseli. Biti ya mbao ina mwiba mkali katikati na meno mawili madogo pembeni. Mwiba unashika alama, meno yanakata nyuzi za mbao kwa mduara, kisha makali ya ndani yanainua kilichokatwa. Ukingo wa shimo unabaki safi, bila manyoya. Kwa doweli, vile vijiti vya mbao vya kuungia, za milimita 8 usitumie kitu kingine.

Sasa twende kaunta, maana hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Iwe uko Kariakoo au duka la mtaani kwako, omba biti itolewe kwenye pakiti. Iviringishe juu ya kioo cha kaunta: ikiyumba au mwanga ukionekana chini yake unapanda na kushuka, imepinda. Irudishe. Kisha ielekeze ncha kwenye mwanga na utazame yale makali mawili. Yanapaswa kuwa na urefu sawa na kukutana katikati kamili. Moja likiwa refu kuliko lenzake, biti ya milimita 8 itatoboa shimo pana zaidi ya hapo na doweli yako itacheza. Kwenye biti ya mbao gusa yale meno ya pembeni kwa kidole, taratibu. Kuna biti nyingi za bei poa ambazo mwiba wa katikati upo lakini meno ya pembeni hayakunolewa, au yako chini kuliko makali ya ndani. Hiyo itararua mbao kama biti ya chuma tu. Tazama pia shina: biti iliyotengenezwa kwa uangalifu huwa imechorwa saizi, na mara nyingi aina ya chuma. Alama peke yake si uthibitisho, kwa kuwa yeyote anaweza kuchora herufi tatu, ila biti isiyo na alama yoyote na ambayo mikondo yake, ile mifereji inayozunguka mwili wa biti, inakwaruza haistahili pesa yako. Ukiwa na venia kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, mfukoni, ipime. Muuzaji anayekasirika unapokagua, mwache na mali yake.

Saizi za kuanzia ni milimita 3, 5, 6, 8 na 10. Ya milimita 3 ndiyo utakayoitumia kuliko zote, maana skrubu ya milimita 4 inahitaji tundu la kuitangulia, hasa kwenye mbao ngumu ambako bila tundu hilo ubao hupasuka au skrubu hukatika kichwa. Hiyo nunua mbili. Kabla ya kununua ya 13, angalia taya za drili yako. Nyingi ndogo zinaishia milimita 10.

Kwa matundu makubwa, ya kupitisha waya au bomba, biti bapa ndiyo rafiki wa mwenye bajeti ndogo. Inatoboa kwa fujo, lakini ni rahisi na unaweza kuinoa kwa tupa la kawaida. Mwiba wake ukichungulia upande wa pili, simama, geuza ubao, malizia kutokea huko.

Ukifikia kutengeneza kabati za bawaba za kisasa, zile zenye kikombe, utahitaji biti ya Forstner ya milimita 35. Jina ni la Benjamin Forstner, fundi bunduki wa Marekani wa karne ya 19. Biti hii inaongozwa na ukingo wake wa mduara, na sakafu ya shimo inabaki tambarare. Usinunue seti yake. Nunua hiyo moja, nzuri kadiri ya uwezo wako, na uiendeshe polepole: mizunguko 500 kwa dakika au chini ya hapo kwenye mbao ngumu. Ukiizungusha kwa kasi ya biti ya milimita 3 utaunguza ukingo siku ya kwanza.

Moshi ukitoka, ondoa biti. Aidha imekuwa butu, au kasi ni kubwa, au mikondo imejaa unga wa mbao. Itoe nje kila baada ya kuzama kidogo ili unga umwagike. Utomvu wa paini ukiganda kwenye mikondo, loweka biti kwenye mafuta ya taa na uisugue kwa brashi ya meno ya zamani. Mara nyingi biti inayodhaniwa imekwisha makali ni chafu tu. Kuwa mwangalifu zaidi na mvule. Ndani yake huwa mna mawe madogo ya kalsiamu kaboneti yaliyojijenga mti ukiwa hai, na biti ikikutana nalo, makali yanaondoka papo hapo. Kwa mvule tumia biti uliyo tayari kuinoa. Mtiki nao una silika, hula makali taratibu.

Kunoa ndiko kunakofanya biti nzuri iwe ya bei nafuu. Biti ya kawaida inolewe kwenye jiwe la umeme kwa miguso mifupi, pande zote mbili kwa idadi sawa. Biti ya mbao inahitaji tupa ndogo nyembamba, na Forstner inolewe kwa ndani peke yake, kwa sababu ukigusa nje ya ukingo kipenyo kinapungua na kikombe cha bawaba hakitaingia. Ukijua kunoa, meza za vifaa vya mtumba zinakuwa na faida kwako: biti ya zamani ya HSS iliyo butu lakini imenyooka ina thamani kuliko mpya inayong'aa.

Vaa miwani, usivae glavu unapotoboa, na ubane ubao kwenye jiliwa au kwa klampu, ukiweka kipande cha ubao chakavu chini yake ili upande wa pili usichanike. Biti za zege, zile zenye ncha pana kuliko shina, ziweke kwenye kopo lake peke yake, mbali na hizi.