Boti ya faiba ya futi 14: nyaya ng'oa zote, ila anza na tezi

Ndugu, umeuliza kama boti yako ya zamani, iliyokaa miaka chini ya turubai huko Karen, Nairobi, yaweza kuungwa nyaya pale zilipoungua tu ndipo uivute hadi Ziwa Naivasha. Mimi nasema ng'oa zote. Lakini usinunue waya hata mita moja kabla hujaigonga tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba injini.

Boti nyingi za faiba za zamani zina plaiwudi ndani ya ukuta huo. Maji hupenya kwenye matundu ya skrubu, mbao zikaoza huku faiba ya nje ikibaki inang'aa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: penye uzima panalia kavu, palipooza panatoa mlio mzito, usio na mwangwi. Halafu shika injini kwa chini uitikise. Ukuta ukichezacheza, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza.

Sasa umeme. Mafundi wa magari wa Grogan, kule Nairobi, ni hodari na nimewapa kazi nyingi, ila waya wa gari kwa kawaida ni shaba tupu. Kwenye boti, unyevu hupanda ndani ya ganda, shaba ikaota kijani, ukinzani ukaongezeka na kiungo kikapata moto. Tafuta waya wa nyuzinyuzi uliopakwa bati. Bei inauma, lakini boti ndogo haili mita nyingi. Viungo vibanwe kwa koleo lake, kisha vivikwe mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Kulehemu peke yake usikubali: waya hukakamaa, na mtikisiko huukata pale pale lehemu inapoishia.

Unene usikisie. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, ikivuta ampea 3, na waya wa kwenda na kurudi ukiwa mita 8 kwa jumla, waya wa milimita 1 ya mraba utakula takriban volti 0.42. Kwa pampu na taa za safari, kipimo kinachokubalika ni asilimia 3 ya volti 12, yaani 0.36. Weka wa 2.5 usahau.

Fyuzi sasa, hapa ndipo utabishana na fundi. Atataka kuzipanga zote kwenye dashibodi. Fyuzi hulinda waya, na kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kila waya chanya unaotoka kwenye betri, isipokuwa ule mnene wa stata, uwe na fyuzi ndani ya sentimita 18 hivi. Swichi ya boya, ile inayowasha pampu ya ngama yenyewe maji yakipanda, nayo iunge kabla ya swichi kuu, kwa fyuzi yake, ili mvua ikinyesha usiku boti imezimwa, pampu ifanye kazi.

Injini ijaribu ndani ya pipa la maji. Ikiwaka kavu, kigurudumu cha mpira cha pampu yake ya maji ya kupoza kitaungua upesi. Na usishangae ikilegea: Naivasha ni zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Yako ya nguvu-farasi 25 itavuta kama ya 20. Propela yenye mpindo (pitch) mdogo itasaidia.

Ukishaigonga tezi, weka picha hapa. Ukishusha majini, leseni ya Kenya Maritime Authority na maboya ya kuvaa yawe tayari.