Sungura wa soksi, mwanasesere anayeshonwa kwa soksi moja: maswali yenu wiki hii

Soksi zangu zimetoboka kisigino. Zitafaa? (Jinja)

Hazifai. Kisigino ndicho uso wa sungura; mdomo wa soksi hukatwa kuwa masikio, na upande wa vidole ni kiwiliwili. Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lilelile: tundu la vidoleni huzibwa, la kisigino basi tena.

Nilikata masikio, nikashona, nikageuza. Mshono wote ukafumuka. Kwa nini? (Mbale)

Umekata kwanza. Soksi imefumwa: ukitia mkasi kabla ya sindano, ukingo hujikunja na mshono hukosa pa kushika. Ipindue, ndani iwe nje, uilaze kisigino kikiwa juu. Chora kwa chaki mstari wa katikati kutoka mdomoni mwa soksi hadi sentimita 3 kabla ya kisigino. Shona pande zote mbili za mstari, nusu sentimita pembeni yake, ukizungusha kwenye ncha za masikio. Sentimita 2 za mwisho usizishone, kila upande; hapo ndipo utakapogeuzia na kujazia. Sasa kata katikati ya mishono.

Kwa mkono, tumia uzi wa poliesta na mshono wa kurudi nyuma, hatua za milimita 2 au 3. Bandi, yaani mshono wa kwenda mbele tu, haitoshi: soksi inanyumbuka, bandi hainyumbuki, uzi unakatika. Mwenye cherehani apige zigizaga na asivute kitambaa, la sivyo masikio yatatoka na mawimbi kama jani la kabichi.

Soksi za mitumba za soko la Owino ni safi? (Kampala)

Zikifuliwa kwa maji ya moto na sabuni na kuanikwa juani, ndiyo.

Naweza kujaza maharagwe? Tunayo tele. (Masindi)

Yapikeni. Ndani ya sungura yataliwa na fukusi, panya atatoboa soksi kuyafuata, na siku ya kufua yatavimba na kuoza. Mshono ukiachia, mtoto atayatia puani.

Chukua pamba ya mto mkuukuu, ifue, ikaushe, kisha uichambue kwa vidole. Bonge lisilochambuliwa huonekana kwa nje kama jipu. Jaza kiwiliwili kidogo kidogo, kuanzia vidoleni. Ukifika chini tu ya kisigino, piga bandi kuzunguka soksi kwa uzi maradufu, vuta, funga: hiyo ndiyo shingo, na hapa bandi ndiyo inayotakiwa. Kisha jaza kichwa, ufunge tundu. Masikio yaache matupu. Ukiona pamba ikichungulia kati ya nyuzi za soksi, umeshindilia mno; punguza.

Vifungo vya aina gani vinafaa kwa macho? Ni zawadi ya mtoto wa miezi minane. (Entebbe)

Hakuna kinachofaa, mama. Chini ya miaka 3 kila kitu huenda mdomoni, na kifungo kilichong'oka humkaba mtoto. Tarizi macho na pua kwa uzi mweusi. Utepe shingoni usiweke pia, hata ukipendeza. Na nyinyi mnaouza sungura wenye macho ya kubandika: gundi haikai kwenye soksi, mnajua hivyo, acheni.

Anafuliwaje? (Arua)

Kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo. Mkandamize ndani ya taulo, usimsokote, shingo itakatika. Wakati wa mvua chagua siku ya jua tangu asubuhi, na umgeuzegeuze. Mbonyeze tumbo kabla ya kumrudishia mtoto. Pakiwa na ubaridi, pamba bado ina maji, na itaota ukungu.