Anasema kazi ni za wote, mbona vyombo naosha mimi?

*Shangazi, mume wangu hujisifu mbele za watu kwamba nyumbani kwetu kazi ni za wote. Mwaka wa 4 huu, hajaosha hata kijiko. Nimeolewa na mnafiki? – Mama Wawili*

Mwanangu, neno unafiki liweke pembeni kwanza. Mtu anaweza kuamini kwa dhati anachokisema, na vyombo vikalala vichafu vilevile. "Kazi ni za wote" ni msimamo wa jumla. Kuosha vyombo Jumanne usiku, mgongo unauma, ni tendo moja mahsusi.

Watafiti Davidson na Jaccard walilipima hili mwaka 1979. Maoni ya wanawake kuhusu uzazi wa mpango kwa jumla hayakuashiria karibu chochote juu ya nani angetumia vidonge: uwiano ulikuwa 0.08, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Swali lilipokuwa juu ya wao wenyewe kutumia vidonge ndani ya miaka 2 ijayo, ukapanda hadi 0.57.

Kwa hiyo usimuulize tena kama anakubali kusaidia. Atakubali, ndiyo shida yenyewe! Chagueni kazi moja, kisha aitamke mwenyewe: "Jumatatu hadi Alhamisi, nikimaliza kula, kabla sijashika simu, naosha vyombo." Kula hakumpiti, kwa hiyo kutamkumbusha badala yako. "Nikipata nafasi" usiipokee. Nafasi hiyo haipatikani.

Mchunguze pia ndugu zake wakiwepo. Kama anaona haya kushika sponji mbele yao, aanze siku zisizo na wageni. Na je, anajua vyombo vinapangwa wapi? Usicheke, wengi hukwama hapo.

Lililo gumu ni lako. Sufuria ikibaki na utelezi, usiinyakue ukaisugua upya huku ukiguna. Ukifanya hivyo, kesho atakuachia zote, na atakuwa na sababu. Mwonyeshe mara moja, kwa utulivu, kabla hajaanza kuosha.

Mpe wiki 2 kwa kazi hiyo moja, bila kuongeza kudeki wala kufua. Akiwa ametamka, muda anao, kuosha anajua, wageni hawapo, na sinki bado imejaa, basi anakataa. Hapo niandikie tena, maana mazungumzo yatakuwa mengine.