Popo kwa darasa la awali: usiwape jibu mapema

Mwalimu mwenzangu wa awali huku Tandahimba, msimu wa korosho ukifika huna haja ya picha za kununua ili kufundisha habari za popo. Asubuhi, chini ya miembe ya shule, utakuta korosho zimetapakaa na mikorosho yenyewe iko mbali. Nani kazileta?

Usijibu. Najua darasa limejaa na kipindi kinakwisha, lakini vumilia. Andika ubaoni kila wanachosema: kunguru, nyani, wezi. Kisha uliza, "Tutajuaje?"

Darasani kwangu kilichowasaidia ni makapi ya bibo, yaani tunda la mkorosho. Popo hutafuna bibo, hukamua maji, kisha hutema kitonge cha nyuzinyuzi. Tulikigeuza kimoja kwa kijiti, tukaona alama za meno. Binti mmoja akaruka: "Madam, kunguru hana meno!" Nikamfuta kunguru palepale. Nyani, watoto wakamtoa wenyewe, maana nyani huja mchana na wangemwona. Nikawaomba waangalie miembe ya nyumbani wakati wa magharibi, wakiwa na wazazi. Kesho yake kila mtu anataka kusema, na neno ni moja: popo.

Baada ya hapo maswali yanakuja yenyewe. Waambie wakunjue viganja: bawa la popo ni mkono, vidole vinne virefu vimeunganishwa na ngozi, gumba limebaki nje na kucha yake. Huzaa na kunyonyesha, kwa hiyo si ndege. Hawa wa maembe na mabibo hutafuta chakula kwa macho na pua. Wale wadogo wa darini hula wadudu, na huwawinda kwa kusikiliza mwangwi wa sauti wanazotoa popo wenyewe.

Hapa kwenye usalama sina mzaha. Mtoto asiguse popo, awe hai au mfu, wala asile tunda lililotafunwa. Popo wanaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Aking'atwa au akikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na mzazi akija kulalamika kwamba unawafundisha watoto mambo ya kichawi, mkaribishe kwa heshima, umweleze habari za mbuyu: maua yake hufunguka jioni, na popo ni miongoni mwa wanaoyachavusha. Ubuyu anaowanunulia wanawe una mkono wa popo.