Barua kwa Mwanangu: Milio Ndani ya Vitenzi vya Kiingereza

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako, nami nimefurahi sana kusikia kwamba umeanza kazi ya kutafsiri. Unauliza kwa nini kengele, simu, bunduki na mlango vyote "hulia" kwa Kiswahili, ilhali Kiingereza hukipa karibu kila kimoja kitenzi chake, na utajuaje kitenzi kipi kinafaa. Unauliza pia kuhusu sentensi iliyokutatiza, "The train rumbled past."

Usidhani kwamba lugha yetu ina upungufu. Sisi mlio tunauweka zaidi katika tanakali, neno linalokaa baada ya kitenzi: mtu huanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, sakafuni pu. Kiingereza hupendelea kuutia mlio ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo, unapotaka kuhamisha "lia" kwenda Kiingereza, jiulize kwanza ni kitu gani kinacholia, kimegusana na nini, na mlio wake umedumu kwa muda gani.

Umbo la neno litakusaidia. "Tap", "click" na "knock", ambayo huishia kwa konsonanti zinazokatika ghafla, hutaja milio mifupi. "Ring" na "clang" hutaja milio inayoendelea kuvuma baada ya pigo. Ukiona "pat" limezaa "patter", na "crack" limezaa "crackle", fahamu kwamba viambishi hivyo vya mwisho, "-er" na "-le", huonyesha mlio unaojirudia upesi upesi. Irabu nazo zina uzito wake: "clink" hufaa bilauri mbili zinapogonganishwa, na "clank" hufaa minyororo na vyuma vizito. Mwaka 1929 mwanaisimu Edward Sapir alichapisha utafiti ambamo watu waliambiwa kwamba maneno mawili ya kubuni, "mil" na "mal", yote yana maana ya meza, kisha wakaulizwa lipi ni la meza kubwa. Wengi walichagua "mal", kana kwamba "a" hudokeza ukubwa na "i" udogo. Hata hivyo usiifanye kuwa sheria, maana "big" lina irabu nyembamba ya "i" na bado humaanisha kubwa.

Sasa nije kwenye treni yako, ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye utamu zaidi. Katika sentensi ile hakuna kitenzi cha mwendo hata kimoja. Kitenzi kinataja ngurumo tu, na mwendo wote umebebwa na lile neno dogo "past". Kiswahili hakiwezi kuacha mwendo bila kitenzi, kwa hiyo utageuza mpangilio: mwendo uupe kitenzi kikuu, na mlio uuweke katika kitenzi chenye "-ki-", ukiandika "Treni ilipita ikinguruma." Vivyo hivyo, "The bullet whistled past" itakuwa "Risasi ilipita ikivuma." Ukijaribu kufuata mpangilio wa Kiingereza, utapata sentensi ambayo msomaji wetu ataisoma mara mbili bila kujua treni imekwenda wapi.

Utakapotafsiri kinyume chake, kuna mpaka wa kuchunga. Kiingereza huruhusu mtindo huu pale tu ambapo mlio unatokana na mwendo wenyewe. Treni hunguruma kwa sababu inakwenda, na risasi huvuma kwa sababu inapasua hewa. Mbwa akiingia chumbani huku akibweka, kubweka kwake hakusababishwi na kuingia, kwa hiyo huwezi kuandika "The dog barked into the room". Mwingereza atakikataa papo hapo kifungu hicho, hata kama hawezi kukueleza sababu. Hapo itakubidi uweke kitenzi cha mwendo, kama tunavyofanya sisi: "The dog came into the room barking."

Niandikie sentensi nyingine zinazokusumbua katika sura unayoitafsiri, pamoja na zile zinazozitangulia, ili nijue ni kitu gani hasa kinacholia.

Mama yako