Diski mbili zimetoka? Toa mikono kwenye kibodi

Nyie vijana, nimemkuta tena mmoja wenu kachomoa diski zote za seva kazimwaga mezani kama dagaa, hajui ipi ilikuwa sloti gani. Nlinyamaza, ndo nasemea hapa.

1. Kabla ya kuchomoa andika serial namba na sloti. Makapeni na tepu, basi.

2. Reidi ni diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Reidi 5 inavumilia kufa diski moja, reidi 6 mbili. Reidi 5 ikikatika usiseme ati zimekufa pamoja, mara nyingi moja ilitoka zamani na hakuna aliyesoma emeili za mdadm, programu ya Linux inayosimamia reidi. Piga mdadm --examine kila diski utazame Events, ile hesabu ya mabadiliko, yenye namba ya nyuma kabisa data zake zishapitwa, iache nje.

3. Usikimbilie --create, amri ya kuiunda reidi upya! Mie nlikimbilia. Studio ya harusi hapa mjini, diski nne reidi 5, umeme ukakatika ukarudi, diski mbili hazionekani, nkaziwasha tena zikaja lakini array, yaani reidi nzima, haitaki. Nkasoma ati ukiiunda upya data inarudi, na kweli yaweza kurudi kama mpangilio wa diski, chunk (ukubwa wa kipande) na offset (data zinapoanzia) ni vile vile na umeweka --assume-clean isijenge upya, mie sikuweka, na majina ya diski yalishabadilika, sdb imekuwa sdd, mpangilio nkakisia tu. Ikaanza kujenga upya, mie naona asilimia inapanda nafurahi, nkenda zangu Forodhani kula urojo. Kurudi namaunti niifungue, hakuna kitu, parity (hesabu za kufidia diski iliyokufa) imeandikwa juu ya data za watu. Baadae ndo nkaona zile diski mbili zinalishwa na waya mmoja wa umeme, pini zimeota kutu. Events zilikuwa sawa sawa, --assemble --force, kuiunganisha tena kwa nguvu bila kuiunda upya, ingetosha wallahi. Bi harusi mmoja keshahamia Muscat, akaja mamake, kakaa benchini na mkoba wake mapajani, "Mwanangu, hata ile ya kupaka hina haimo?" Haikuwamo.

4. Kloni kwanza, yaani nakili diski nzima kwenye nyingine, kwa programu ya ddrescue, na mapfile, faili lake la kumbukumbu, usiisahau, maana ndo inayoiwezesha kuendelea pale ilipoachia. Inavuta kwanza sehemu zinazosomeka, mbovu inazirudia mwisho. Uchezaji wote kwenye kloni.

5. Diski inagonga tak tak? Zima. Na usiifungue kutazama, we nani?

6. Reidi si bekapu, mshachoka kusikia najua.

7. Alochukua diski yangu ya terabaiti 8 ya kuklonia airejeshe, sitauliza nani.