Wajumbe wa mikutano mikuu ya vyama Marekani ni kina nani?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kila baada ya miaka minne naona kwenye tivii Wamarekani wamejazana ukumbini na makofia ya ajabu ajabu, wameshika mabango ya majimbo yao, naambiwa hao ndo wajumbe. Wanatolewa wapi? Na wakifika pale wanaamua chochote au kazi yao kupiga makofi tu? Maana huku kwetu tunajua wajumbe sio watu, jioni wanakula kwako asubuhi kura kwa mwingine. Msomaji wenu wa siku nyingi.

JIBU: Hahaa, hao wa kugeuka hata Marekani walikuwepo, tena sana. Kazi ya wajumbe ni kumchagua mgombea urais wa chama chao. Mwaka 1860 Republican walikutana Chicago, mtu aliyetegemewa ni Seward wa New York na raundi ya kwanza aliongoza kwa kura 173 na nusu, Lincoln alikuwa na 102 tu. Raundi ya tatu Lincoln kafika 231 na nusu, bado kura moja na nusu apite, hapo wajumbe wa Ohio wakasimama wakahamisha kura nne kwake, basi, kwisha habari ya Seward. Watu wanne wa jimbo moja!

Ila ubishi wa Democrat mwaka 1924 pale New York ndo ulivuka mipaka. Sheria yao ilitaka mgombea apate thuluthi mbili, waliochuana ni Smith na McAdoo, kambi ya Smith haitaki kumsikia McAdoo na ya McAdoo haimtaki Smith, wakapiga kura raundi 103, mkutano mzima ukachukua zaidi ya wiki mbili kwenye joto, na mjumbe wa kawaida hoteli na chakula anajilipia mwenyewe. Mwisho wakamchukua John W. Davis ambaye hakuwa chaguo la kambi yoyote, na uchaguzi akapigwa na Coolidge wa Republican. Hiyo sheria ya thuluthi mbili wakaifuta 1936.

Sasa wanatoka wapi: wengi ni watu wa chini kwenye chama, mwalimu, diwani, mtu wa chama cha wafanyakazi, anaanzia mikutano ya mtaani kwake anapanda mpaka mkutano wa jimbo, japo utaratibu haufanani kila jimbo. Republican kwa mfano kila wilaya ya bunge inatoa wajumbe watatu. Na mpaka leo nauli wengi wanajitafutia.

Lakini nani akalie kile kiti, hapo ndo pamekuwa na vita ya kweli kuliko hata kura zenyewe, mimi naona. Mwaka 1964 jimbo la Mississippi lilipeleka kwenye mkutano wa Democrat, Atlantic City, wajumbe Wazungu pekee, Fannie Lou Hamer, mama mweusi wa mashambani aliyefukuzwa shambani kwa kwenda kujiandikisha kupiga kura, akaja na wenzake wakasema wajumbe halali ni sisi. Akaeleza mbele ya kamati jinsi alivyopigwa akiwa jela. Chama kikawapa viti viwili, wakavikataa. Mwaka 1968 mama huyo akaingia Chicago kama mjumbe kamili.

Mwaka huo huo Humphrey alipitishwa kuwa mgombea wa Democrat bila kushiriki hata moja ya kura za mchujo, zile za wananchi majimboni, watu wakachachamaa, kanuni zikabadilishwa, toka 1972 kura za wananchi majimboni ndo zinaamua, mjumbe anakuja na jina tayari. Raundi ya pili haijaonekana tangu 1952, ingawa 1976 kwa Republican Ford alimponyoka Reagan kwa kura 1,187 kwa 1,070.

Kwa hiyo ndugu, makofi ndo mengi siku hizi, ila usiwadharau. Biden alipojitoa Julai 2024 wajumbe wake wakabaki huru ghafla, na hao hao mwanzoni mwa Agosti wakapiga kura mtandaoni wakampitisha makamu wake Kamala Harris kabla hata ya kupanda ndege kwenda Chicago.